Kipimajoto Kilichozua Ubishi Chitete

Vijana, leo nina kisa cha dada na mdogo wake waliobishana kwa sababu ya kipimajoto. Walikaa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Dada, mdogo wake, babu yao na mjomba wao nimewatunga. Ubishi wao sikuutunga, maana uko katika kila darasa la Kiingereza nchini, na yote nitakayoyataja nje ya nyumba yao ni ya kweli.

Dada alikuwa kidato cha tatu. Mdogo wake ndiyo kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza, na ninyi mnaujua mwaka huo ulivyo: mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakuta jiografia, hisabati na fizikia zote zimegeuka Kiingereza. Kijana aliandika insha kuhusu siku yake, na sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "I am used to wake up early."

Dada akaisoma, akachukua kalamu. "Hapa umekosea. Andika waking."

"Kwa nini?"

"Ndivyo mwalimu alivyotufundisha."

Kijana hakukubali. Akafungua kitabu chake cha fizikia, akaweka kidole juu ya mstari: "A thermometer is used to measure temperature." Akasema, "Dada, soma mwenyewe. Is used to measure. Hawakuandika measuring. Nami nimeandika am used to wake. Kosa liko wapi?"

Dada akakosa la kusema. Itazameni vizuri hali yake, kwa sababu ndiyo hali ya wazazi wengi na hata walimu wengi. Alikuwa na haki lakini hakuwa na ushahidi. Mdogo wake alikuwa amekosea, ila mkononi alikuwa na kitabu. Mimi namsifu kijana huyu, maana kosa lake lilitokana na kufikiri. Aliona sentensi sahihi, akaifuata sura yake, akajenga ya kwake. Mtu anayekosea kwa njia hiyo hafai kuambiwa tu "siyo hivyo". Anastahili kuoneshwa.

Babu yao alikuwa ameketi barazani. Alikuwa katekista kwa miaka mingi, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha kusalimiana na madereva wa malori kule Tunduma, basi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona sauti zinafika barabarani?"

Wakamweleza. Babu hakuuliza nani yuko sahihi. Aliuliza, "Mmeona sentensi ngapi zenye maneno hayo?"

"Moja," akajibu kijana. Dada akasema yeye hajahesabu, alifundishwa tu.

"Basi bado hamjawa na jambo la kubishania. Nileteeni itifaki yangu."

Kwa wasioijua, itifaki ya Biblia ni kitabu kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti, na chini ya kila neno kinaonesha mahali lilipotumika, pamoja na kipande cha mstari wenyewe. Mhubiri anayetaka kujua Biblia inasema nini juu ya mvua hategemei kumbukumbu yake. Anafungua penye neno mvua, anasoma mistari, anafuata sura na aya. Kazi hii ni ya kale sana. Katika karne ya 13, huko Paris, watawa wa Kidominiko wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher waliipekua Biblia ya Kilatini neno kwa neno, kwa mkono, wakatengeneza faharasa ya maneno yake. Waislamu nao wana ile ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri, inayokuonesha maneno ya Kurani pamoja na aya yalimotumika.

"Mimi nikitaka kujua neno lina kazi gani kwa Mtume Paulo," Babu akasema, "nasoma mistari yote linamopatikana. Yote, hata ile isiyoniunga mkono. Nanyi fanyeni hivyohivyo kwa hiyo used to yenu."

Wakachana daftari la zamani vipande vipande. Sharti la Babu lilikuwa kwamba kila sentensi inakiliwa kama ilivyo, na nyuma ya kipande linaandikwa jina la kitabu na ukurasa. Hakuna kurekebisha, hakuna kuruka. Kijana akapekua vitabu vya fizikia, kemia na baiolojia. Dada akapekua vitabu vya hadithi na vifungu vya ufahamu. Mjomba wao, anayefanya kazi mpakani Tunduma, akawaletea magazeti: Daily News la Dar es Salaam, na Zambia Daily Mail alilolipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha yake rasmi.

Walipomaliza, walitandaza vipande mkekani. Waliviweka hivi: maneno "used to" yakae katikati, yafuatane kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na yaliyotangulia yabaki kushoto, yaliyofuata yabaki kulia. Nawaonesha saba. Nimezitunga fupi ili zienee hapa, lakini sura zake ndizo mtakazozikuta vitabuni.

My grandfather … used to … grow sesame here.
A thermometer is … used to … measure temperature.
The drivers are … used to … the long queue.
We … used to … fetch water before school.
Salt is … used to … preserve fish.
She was not … used to … cooking for many guests.
You will soon get … used to … the cold in Tunduma.

Msizisome kama mnavyosoma hadithi. Shusheni jicho kutoka juu hadi chini, kwanza upande wa kulia peke yake. Mtaona "grow", "measure", "fetch", "preserve": vitenzi vitupu. Halafu mtaona "the long queue", "cooking", "the cold": majina, au kitenzi kilichovaa -ing kikawa kama jina.

Kijana akashangilia. "Mnaona? Measure iko fungu moja na grow!"

"Hatujatazama kushoto," akasema dada.

Wakatazama kushoto. Kabla ya "grow" na "fetch" hakuna kitu chochote kati ya mtendaji na "used to". Kabla ya "measure" na "preserve" kuna "is". Lile fungu moja la kijana likagawanyika mikononi mwake, na mkekani yakabaki mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la desturi iliyopita. Babu alikuwa akilima ufuta hapa, sasa halimi tena. Sisi tulikuwa tukiteka maji kabla ya shule, sasa labda bomba limefika. Kushoto hakuna "is" wala "are" wala "was", na kulia kuna kitenzi kitupu.

Fungu la pili ni la kuzoea. Madereva wameizoea foleni ndefu. Yule mama hakuzoea kupikia wageni wengi. Kushoto kuna "are", "was" au "get", na kulia lazima kuwe na jina au -ing.

Fungu la tatu ni la kutumiwa. Kipimajoto hutumika kupima joto, chumvi hutumika kuhifadhi samaki. Kushoto kuna "is" kama fungu la pili, kulia kuna kitenzi kitupu kama fungu la kwanza. Ndiyo maana linawachanganya watu: limeazima bega moja huku, bega jingine kule.

Sasa rudisheni ile sentensi ya insha. "I am used to wake up early." Kushoto "am", kulia kitenzi kitupu. Imeangukia wapi? Imeangukia fungu la tatu, pamoja na kipimajoto na chumvi! Kijana alitaka kusema amezoea kuamka mapema, kumbe sentensi yake imekaa kana kwamba kuna mtu anayemtumia yeye kuamka mapema. Dada hakuhitaji kusema neno. Kijana mwenyewe alichukua kalamu, akaandika "waking".

Lakini Babu alitaka kujua kama fungu la tatu ni la vitu tu. Swali zuri sana, kwa sababu kanuni inayotokana na sentensi chache mara nyingi huvunjwa na ya nane. Wakarudi kwenye magazeti, wakapata sura kama hii: "Dogs are used to guard the house." Mbwa si kitu kama kipimajoto, lakini sentensi ni sahihi: mbwa hutumiwa kulinda nyumba. Kwa hiyo kipimo hakipo katika kuwa mtu au kitu. Kipimo ni swali: je, unaweza kuuliza "nani anamtumia"? Mbwa, mwenye nyumba anamtumia. Kijana anayeamka mapema, hakuna anayemtumia.

Na kwa nini fungu la pili linadai -ing? Jaribuni kuweka jina la kawaida baada ya "to". "I am used to noise" inakubalika, nimezoea kelele. "I used to noise" haikubaliki. Hiyo inatuonesha kwamba "to" ya fungu la pili ni kihusishi, neno linalosubiri jina, na kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae -ing kiwe kama jina. Ndiyo "to" ileile mnayoiandika mwishoni mwa barua, "I look forward to seeing you". Ukiielewa mahali pamoja, umeielewa kotekote.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hulipita. Vipande vya kijana, vile vya fizikia na kemia, vilikuwa karibu vyote vya fungu la tatu. Vya dada, vya hadithi, vilikuwa vingi vya fungu la kwanza. Hakuna aliyedanganya. Vitabu vya sayansi hueleza vifaa na kazi zake, kwa hiyo "is used to measure" imejaa humo. Hadithi na mazungumzo husimulia maisha yaliyopita, na humo ndimo "used to" ya desturi inamostawi. Ubishi wao ulianza kwa sababu kila mmoja alikuwa amechota Kiingereza mahali pamoja.

Mmewaona wanunuzi wa ufuta na mpunga huku kwetu. Mnunuzi makini hafungui gunia akatazama juu tu. Huchoma bambo upande huu, akachoma upande ule, juu, katikati na chini, akamimina punje kiganjani. Mtu anayekusanya lugha naye yampasa kufanya hivyo, na mkusanyiko uliochotwa kwa uangalifu wa namna hiyo, ili lugha ichunguzwe humo, wataalamu huuita kopasi.

Kopasi ya kwanza maarufu iliyopangwa kwa ajili ya kompyuta ilitengenezwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Brown, na Henry Kučera na W. Nelson Francis. Walichukua maandishi yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961: magazeti, vitabu vya dini, riwaya, makala za sayansi, maandishi ya serikali. Hawakumeza vitabu vizima. Walichota vipande 500, kila kimoja chenye maneno kama 2,000, wakapata maneno milioni moja, na mwaka 1964 ikawa tayari kutumiwa na wachunguzi. Humo neno "the" peke yake limetokea karibu mara 70,000. Milioni moja ilionekana bahari wakati ule. Leo ni kisima kidogo, lakini namna ya kuchota haijapitwa na wakati.

Kabla ya kompyuta kazi hii ilifanywa kwa vipande vya karatasi, kama vya wajukuu wetu. James Murray, aliyeanza kuihariri kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1879, aliwaomba wasomaji wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia wamtumie sentensi walizozikuta vitabuni, kila sentensi kwenye kipande chake. Vilimfikia mamilioni. Murray alifariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Alianza kazi akijua ni ndefu, na wengine wakaimaliza kwa vipande alivyoviacha.

Na ile njia ya kuweka neno katikati na jirani zake pande mbili? Kwenye kompyuta ilipata jina na umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1950 kupitia Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM. Baadaye John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliifanya msingi wa kamusi nzima, COBUILD, iliyotoka mwaka 1987. Mifano yake haikubuniwa mezani, ilichukuliwa kutoka maandishi na mazungumzo ya watu. Sinclair alifuata nyayo za J. R. Firth, Mwingereza aliyefundisha kwamba neno linajulikana kwa wale linaoandamana nao. Halafu ikaja Kopasi ya Taifa ya Uingereza, iliyokamilika mwaka 1994, yenye maneno milioni 100. Sehemu moja katika kumi ni ya mazungumzo, na baadhi yake yalinaswa na raia wa kawaida waliokubali kutembea na kinasa sauti katika shughuli zao.

Sehemu hiyo ya mazungumzo ina maana kubwa kwa kisa chetu. Karatasi za mkekani zina jambo ambalo haziwezi kulisema: sauti. Katika fungu la kwanza na la pili, Mwingereza hutamka "used" kwa s na t mwishoni, kama "yust". Katika fungu la tatu hutamka kwa z na d, "yuzd". Maandishi ni yaleyale, masikio yanasikia maneno mawili. Aliyekaa na vitabu tu hatalijua hilo hata akikusanya vipande gunia zima. Itabidi asikilize redio, au awe na mwalimu anayetamka vizuri.

Twendeni kwa jozi nyingine, hii nitaipita haraka. "He stopped to talk" na "he stopped talking". Hapa huwezi kusema moja ni kosa. Zote mbili ni sahihi, na zote mmezisikia. Pangeni vipande muone jirani zake. Kabla ya "stopped to" mtakuta mtu aliyekuwa safarini au kazini: dereva, msafiri, mkulima. Baada yake mtakuta jambo jipya analolianza: kuuliza njia, kununua maji, kupumzika. Katika "stopped talking" lile jambo linalotajwa ndilo lililokoma. Wa kwanza alisimama ili azungumze, wa pili alinyamaza. Kwenye mtihani kosa la herufi chache linaweza kumfanya mtu anayezungumza awe bubu.

Jozi ya tatu ndiyo iliyomuuma dada mwenyewe. Aliandika "We discussed about malaria", akakatwa alama. Akarudi nyumbani amenuna, maana sentensi hiyo anaisikia kila siku: kwenye semina, kwenye mikutano, kwa wakubwa wenye vyeo. Babu akamwambia yale yale. Kusanya.

Akakusanya, na aliyoyakuta yananifurahisha hadi leo. Katika maandishi yaliyohaririwa, "discuss" hushika kitu chake moja kwa moja: "discuss the problem", "discuss the report". Lakini vipande vingine vilikuwa na "a discussion about", na hivyo vilikuwa sahihi bila shaka. Dada akavitazama kwa muda, ndipo akaona: kitenzi hakitaki "about", jina linaitaka. Akaanza kutafuta ndugu zao. Kitenzi "request" hushika kitu moja kwa moja, "request more books", ila jina lake hudai kihusishi, "a request for more books". "Emphasise the point", lakini "emphasis on the point". "Answer the question", lakini "the answer to the question". Ukoo mzima! Mtu anayesema "discuss about", "request for" na "emphasise on" amechukua nguo ya jina akakivisha kitenzi.

Wapo wanaosema kosa hili linatokana na Kiswahili. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi uko vinywani mwetu. Sisi husema "tulijadili malaria", "tulijadili bajeti", bila kihusishi chochote, sawasawa na Waingereza. Tena "discuss about" imesikika pia India, Nigeria na Hong Kong, ambako Kiswahili hakijawahi kuwa lugha ya mtaani. Naona nguvu inatoka ndani ya Kiingereza chenyewe: kuna "discussion about", na kuna "talk about" na "speak about" zilizo jirani kabisa kwa maana. Akili ya mwanafunzi inasawazisha. Hiyo si dalili ya uzembe, na anayesema hivyo hastahili kuchekwa.

Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki nacho kimekusanywa. Sidney Greenbaum wa London alianzisha mpango wa kuzilinganisha nchi mbalimbali zinazotumia Kiingereza, kila moja ichote maneno yapatayo milioni, kwa vipande kama vile vya Brown. Sehemu ya Afrika Mashariki, yaani Kenya na Tanzania, ilisimamiwa na Josef Schmied wa Chuo Kikuu cha Chemnitz, Ujerumani, katika miaka ya 1990. Fikirini ugumu wake kwa upande wetu: Bunge letu hujadili kwa Kiswahili, na mazungumzo ya sokoni ni ya Kiswahili au lugha za nyumbani. Kiingereza cha kunena cha Mtanzania unakitafutia wapi? Mwaka 2013 Mark Davies wa Marekani akatoa kopasi nyingine, ya kurasa za intaneti kutoka nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwemo, yenye maneno bilioni 1.9. Huko unaweza kuweka sentensi za London na za Dar es Salaam ubavu kwa ubavu.

Kwa hiyo, vijana, "discuss about" ni kosa au si kosa? Nitawapa hukumu yangu. Hata huku kwetu, wahariri wa magazeti na vitabu kwa kawaida huandika "discuss" bila "about". Mbele ya mtihani wa Baraza la Mitihani, au barua ya kuomba kazi, fuateni njia hiyo. Mkiisikia "discuss about" kwenye kikao cha kijiji, mjue mmesikia Kiingereza cha watu wengi, kina sababu zake, na mzungumzaji ameeleweka.

Kuna tahadhari moja ambayo Babu aliisisitiza mpaka wajukuu wakachoka. Usipoikuta sentensi katika vipande vyako, usiseme haipo. Sema hujaikuta. Kopasi ndogo ina matundu mengi, na sentensi nyingi nzuri hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Vilevile, kinachotokea mara nyingi si lazima kiwe ndicho unachokihitaji. Ukihesabu vitabu vya fizikia tu, utaapa kwamba "used to" maana yake ni kutumika.

Kiswahili nacho kina ghala lake la namna hii. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliongoza ujenzi wa kopasi ya Kiswahili ambayo sasa ina maneno yapatayo milioni 25: magazeti, vitabu, na majadiliano ya Bunge la Tanzania. Huko unaweza kuuliza maswali ambayo hata sisi wenye lugha hatujayamaliza. Kwa mfano, lini tunasema "shuleni" na lini "katika shule"? Tazameni kulia kwa kila moja. Je, "katika shule" hufuatwa mara nyingi na maneno yanayoifafanua, kama "yetu" au "ya msingi"? Sitawajibia, kwa sababu mnaweza kuhesabu wenyewe.

Kinyamwanga cha Momba, ambacho ndugu zetu wa upande wa Zambia pia wanakisema, hakina ghala kubwa kama hilo. Wazee wanaokijua vizuri wapo, na simu zenye kinasa sauti ziko mifukoni mwenu. Waombeni ruhusa, rekodini hadithi zao, kisha ziandikeni neno kwa neno bila kurekebisha, kama lilivyokuwa sharti la Babu.

Kama shule yenu ina kompyuta, mwombeni mwalimu awawekee AntConc, programu ya bure iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Ikishawekwa haihitaji intaneti. Unaipa maandishi na neno, inakupangia mistari na neno hilo katikati. Kama hakuna kompyuta, mkasi na daftari la zamani vinatosha. Anzeni na jozi hii: "remember to lock the door" na "remember locking the door". Kusanyeni sentensi ishirini kutoka vitabu vya aina tofauti, zipangeni kwa mafungu, kisha mpelekeeni mwalimu wenu wa Kiingereza azione kabla hamjamwambia kanuni mliyoipata.